Samoni wamerudi Mto Klamath: jinsi makabila ya wenyeji yalivyong'oa mabwawa manne (uzi mrefu)

RutiNdefu (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu, na wakubwa shikamooni.

Mimi ni mzaliwa wa Nyakato, Mwanza, ila kwa sasa nipo Portland, Oregon, naendesha semi. Ruti yangu ni kushuka Sacramento na kurudi, barabara kuu ya I-5. Ukishaingia California milima inakuteremsha mpaka kwenye daraja la mto unaoitwa Klamath, na kando yake kuna kituo cha kupumzikia madereva. Nimelala pale mara nyingi sana.

Januari 2024 nikasimama pale alfajiri kunyoosha miguu, nikakuta mto umegeuka uji. Maji rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, mazito, yamebeba vijiti na povu, na harufu ya tope la miaka mingi, ile inayotoka ukichimba chini ya mtumbwi uliopandishwa ufukweni ukasahaulika. Ukingoni alikuwepo mzee mmoja amesimama kimya. Nikadhani ni balaa, nikamuuliza kiwanda gani kimemwaga taka. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba huko juu wameanza kuyafungulia maji ya mabwawa, kwamba yeye ni Mkaruk, moja ya makabila ya wenyeji wa mto huu, na kwamba kwao hilo tope limesubiriwa tangu babu yake yu hai. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hayakuwa ya huzuni.

Tangu siku ile nafuatilia habari za mto huu kila nikipata nafasi. Nimeona niilete hapa jamvini kwa sababu wengi wetu tumekulia kando ya maji na samaki ndiye aliyetulipia ada.

Kwanza samoni mwenyewe. Wengi tunamjua yule wa mkebe. Samaki huyu huzaliwa kwenye changarawe mtoni, maji baridi. Akikua kidogo anateremka baharini, anakaa huko miaka miwili, mitatu, hata mitano, halafu anarudi kwenye mto uleule aliozaliwa, akifuata harufu ya maji yake. Akishaingia mtoni hali tena. Jike anachimba kiota kwa mkia, anataga, dume anarutubisha, kisha samoni hawa wa aina ya Chinook wanakufa wote. Mizoga yao inalisha dubu, ndege, mpaka miti ya ukingoni. Sasa weka ukuta wa zege katikati ya safari hiyo. Samaki hana njia nyingine anayoijua.

Klamath ulikuwa wa tatu kwa wingi wa samoni kwenye pwani ya magharibi ya Marekani ukiacha Alaska. Bwawa la kwanza, Copco 1, lilikamilika 1918. Likafuata Copco 2 mwaka 1925, J.C. Boyle 1958, na Iron Gate miaka ya 1960. Copco zote mbili na Iron Gate hayakuwekewa hata njia ya samaki kupita. Makabila ya Klamath, yale ya huko juu Oregon, yana mkataba na serikali wa mwaka 1864 unaowahakikishia haki ya kuvua. Walikaa zaidi ya miaka 100 bila kumwona samoni mtoni kwao. Haki imeandikwa na kutiwa saini, samaki mwenyewe alikuwa kafungiwa nje!

Naingia zamu saa kumi alfajiri. Nitaendelea nikipumzika.

Kipanga76

Nipo siti ya mbele mkuu. Ila naomba unisaidie jambo moja. Sisi tumejinyima kujenga Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, hao wanabomoa ya kwao manne kwa ajili ya samaki? Umeme wanapata wapi? Na mwenye bwawa alikubali vipi?

RutiNdefu

Kipanga76 swali la msingi kabisa. Hayo mabwawa manne ukiyajumlisha hayafiki megawati 170. Hayakuwa ya kumwagilia mashamba, wala hayakuwa ya maji ya kunywa. Kwa kampuni iliyoyamiliki, PacifiCorp, umeme wake haukufika hata asilimia 2 ya umeme wote inaouza. Kwa hiyo usiyaweke mizani moja na la Rufiji.

Kwa nini walikubali? Leseni yao iliisha 2006. Ili wapewe nyingine, idara za serikali zinazosimamia samaki zikaweka sharti la kujenga ngazi za samaki. Kampuni ikapiga hesabu ikaona ngazi zitawagharimu wateja wake kuliko kubomoa. Ukiisoma habari kwenye magazeti mengi inaishia hapo, kama vile ni mhasibu aliyeuokoa mto.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa, wakuu, maana hiyo hesabu haikujileta. Kuna watu waliisukuma mpaka ikafika mezani.

Rudi nyuma hadi 1969. Mvuvi mmoja wa kabila la Wayurok, Raymond Mattz, alinyang'anywa nyavu zake tano za makila na askari wa wanyamapori wa jimbo. Waliona ni mvuvi haramu. Yeye akasema huu mto upo ndani ya hifadhi ya kabila langu, yaani ardhi tuliyotengewa sisi Wayurok, nyavu zangu nirudishieni. Serikali ya jimbo ikadai hifadhi hiyo ilikwisha kufutwa na sheria ya 1892. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na 1973 mahakama ikasema hapana, hifadhi ipo. Nyavu tano hizo ndizo zilizolinda ardhi ya kabila zima. Hata baada ya hapo, 1978, serikali kuu ilipiga marufuku uvuvi wao wa biashara, na askari wenye silaha wakawa wanawafukuza mtoni usiku.

Sasa Septemba 2002. Mwaka uliotangulia, ukame ulipobana, wakulima wa huko juu walinyimwa maji ya kumwagilia, ikawa vurugu ya kitaifa. Mwaka 2002 wakapewa. Mto wa chini ukabaki na maji kidogo na ya moto, na samoni walikuwa wanapanda kwa wingi. Wakabanana kwenye vidimbwi, ugonjwa wa matamvua ukawaingia. Hesabu ya serikali inasema walikufa si chini ya 34,000, makabila yanasema ni zaidi ya hapo. Samaki wakubwa, wa kubebwa kwa mikono miwili, wamelala kingoni mamia kwa mamia, matamvua yameoza na wengine bado wanapumua.

Kuna binti alikuwa anafanya kazi ya muda katika idara ya uvuvi ya Wayurok msimu ule, Amy Cordalis. Kwa ukoo ni mjukuu wa Raymond Mattz, ingawa si wa moja kwa moja. Aliyaona kwa macho yake. Akaenda kusoma sheria, akarudi kuwa mwanasheria mkuu wa kabila lake, na ni mmoja wa waliolikalia shauri la mabwawa mpaka mwisho. Siku akiyaandika mambo ya mto huu mtu wa hapa kwetu, naomba familia hiyo aianze na nyavu za babu.

NinguWaKagera

Mkuu umenigusa pabaya. Sisi tuliokulia kando ya Kagera tunajua habari ya samaki wa kupanda mto. Ningu alikuwa anatoka ziwani mvua zikianza, anapanda mtoni kutaga. Marehemu baba alikuwa anasema zamani ukisikia mto umebadilika sauti unajua ningu wamefika. Watu wakaanza kutega nyavu midomoni mwa mito, wanawakamata wakiwa na mayai tumboni. Ningu akaisha kabla hata sangara hajasambaa. Leo ukimwuliza kijana wa miaka 20 ningu ni nini, anadhani unamtania.

Swali: hao Wayurok na wenzao wanavua kwa nyavu hizo hizo. Kwa nini wao hawakummaliza?

RutiNdefu

NinguWaKagera pole, na asante. Hilo la sauti ya mto nimelisoma mara tatu.

Walikuwa na utaratibu. Palikuwa na sherehe ya samaki wa kwanza, na mpaka imalizike mtu haruhusiwi kutega. Samaki wanaotangulia wanapita kwenda kutaga na kwenda kulisha jamaa wa juu. Wayurok wapo mdomoni mwa mto, Wahoopa kwenye tawi lake la Trinity, Wakaruk katikati, makabila ya Klamath juu. Wa chini akifunga mto, wa juu analala njaa. Kwa hiyo lilikuwa jambo la ujirani, na mkosaji alikuwa anajulikana kwa jina.

Na hata sasa. Mwaka 2017 samoni walipungua kupita kiasi, Wayurok wakafunga uvuvi wao wa biashara wenyewe. Wana tamasha lao la samoni kila mwaka, na kuna mwaka hapakuwa na samoni wa kula. Unaelewa uzito wake? Ni kama harusi ya Kihaya isiwe na ndizi.

Bi_Mwanajuma

Assalam aleykum. Mimi nipo Tacoma, jimbo la Washington, mwaka wa 14 sasa. Mdogo wangu RutiNdefu unaandika vizuri, naomba niongeze la huku kaskazini maana ndiko vita hii ilikopata silaha ya kisheria.

Karibu na ninapokaa kuna Mto Nisqually. Billy Frank Jr. wa kabila la Nisqually alikamatwa mara ya kwanza akiwa na miaka 14, mwaka 1945, kwa kosa la kuvua samoni. Baada ya hapo alikamatwa zaidi ya mara 50. Wazee wake walisaini mkataba wa Medicine Creek mwaka 1854: walitoa ardhi, wakabakiza haki ya kuvua katika maeneo yao ya siku zote. Mwaka 1974 Jaji George Boldt akasoma mkataba ule kama ulivyoandikwa, akaamua makabila yana haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa, na pia wana sauti katika kuwasimamia. Watu walikasirika hadi kuchoma sanamu ya jaji.

Hilo la pili ndilo watu hulisahau. Wakishakuwa wasimamizi, walianza kuajiri wataalamu wao wa samaki, na bila samaki haki ya nusu ni nusu ya sufuri, kwa hiyo wakadai mito itengenezwe. Ndiyo maana Mto Elwha nao mabwawa yake mawili yalibomolewa kati ya 2011 na 2014. Kabila la Lower Elwha Klallam lililidai hilo kwa miongo. Bwawa lilipokauka wakaliona tena jiwe takatifu ambalo kwao ndipo watu walipoumbwa. Lilikuwa chini ya maji karibu miaka 100, wazee walikuwa wanalisimulia tu.

Kipanga76

Shikamoo Bi Mwanajuma. Hiyo ya jiwe imenisisimua.

Ila bado nina wasiwasi wangu. Huwa tunaona mashirika ya mazingira yanamchukua mwenyeji, wanampiga picha na vazi la asili, uamuzi wanafanya wao. Hapa haikuwa hivyo?

RutiNdefu

Wasiwasi wako ni halali na nilikuwa nao. Naomba nijibu kwa mambo niliyoyaona yana ushahidi.

Mosi, waliifuata kampuni wenyewe hadi nyumbani kwake. Mwaka 2004 PacifiCorp ilikuwa mali ya ScottishPower, basi wawakilishi wa makabila wakapanda ndege hadi Scotland kuwaeleza wanahisa mto wao umefanywa nini. Waskoti samoni wanamjua, waliwaelewa haraka kuliko watu wa California. Kampuni ikauzwa kwa Berkshire Hathaway ya Warren Buffett. Wawakilishi wa makabila nao wakaelekea Omaha, yalipo makao yake, kwenye mikutano ya wanahisa, mwaka baada ya mwaka. Makubaliano ya kwanza yakasainiwa 2010, yakayumba, yakarekebishwa 2016. Kibali cha mwisho kikatoka Novemba 2022. Gharama dola milioni 450: milioni 200 kutoka kwa wateja wa umeme wa Oregon na California, 250 kutoka hatifungani za jimbo la California.

La pili ni sayansi, na hapa wengi hupita haraka. Idara ya uvuvi ya Wayurok ina wataalamu wake, wengi ni watoto wa hapohapo. Mkurugenzi wake, Barry McCovey Jr., ni Myurok. Wana mitego ya kuhesabia vifaranga vinavyoteremka. Mei 2021 kuna siku walikuta zaidi ya nusu ya vifaranga mtegoni vimekufa. Chanzo kilijulikana: kimelea kinachokaa ndani ya mnyoo mdogo wa majini, na mnyoo huyo hustawi chini ya bwawa, kwenye changarawe isiyosukwasukwa na mafuriko. Mto ukiwa huru, mafuriko hugeuza mawe na mnyoo hung'oka. Mtu anayekwambia haya akiwa na daftari la hesabu ya miaka 20 humwambii yeye ni pambo la picha.

Halafu mbegu. Mabwawa yalipokauka yaliacha kama ekari 2,200 za tope tupu. Miaka kadhaa kabla, vikosi vya Wayurok vilikuwa vinapita milimani kuchuma mbegu za mimea ya hapohapo kwa mkono, zikapelekwa kuzalishwa mashambani mpaka zikawa mabilioni. Tope halijakauka vizuri, watu wapo ndani na mifuko begani wanarusha. Nilipita Mei 2024, mbali na barabara kuu, nikaona bonde lililokuwa ziwa limejaa maua ya njano na ya zambarau. Katikati mto umeshajichagulia njia yake ya zamani. Nilizima injini ya gari dogo nikakaa tu.

Mama_Kelvin

Kaka hongera kwa uzi. Ila usitupe mazuri tu. Nilisikia kuna vifaranga wengi walikufa baada ya kufungulia?

RutiNdefu

Ni kweli dada, na nisingependa nifiche. Februari 2024 vifaranga wapatao 830,000 wa kituo cha kuzalishia samaki waliachiwa juu ya Iron Gate, wakapita kwenye handaki la zamani chini ya bwawa lililokuwa bado halijabomolewa. Mgandamizo wa maji mle ndani uliwaua, gesi iliwajaa mwilini. Lilikuwa kosa la kuwaachia mahali pale, tope halikuhusika. Vifaranga waliofuata waliachiwa chini ya bwawa.

Na wapo walioumia. Wenye nyumba kando ya Ziwa Copco waliamka ziwa halipo. Kura ya maoni ya kaunti ya Siskiyou mwaka 2010, wengi walikataa mabwawa yasibomolewe, yaani walitaka yabaki. Siwacheki, mtu kanunua nyumba ya kutazama maji akabaki na bonde. Ila chini ya ziwa hilo ilikuwa ardhi ya Washasta, waliofukuzwa bwawa lilipojengwa, na mwaka 2024 California ilitangaza kuwarudishia ekari 2,800. Hao nao walikuwa na nyumba pale.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Mwisho wa Agosti 2024 vizuizi vya mwisho vilikatwa, mto ukapita bure. Wataalamu walidhani samoni watachukua muda kujua njia ipo. Tarehe 16 Oktoba, wiki saba tu, samoni akaonekana katika kijito cha Oregon, juu ya pale lilipokuwa bwawa la J.C. Boyle, kama kilomita 370 kutoka baharini. Wa kwanza tangu 1912, wakati ujenzi wa bwawa la kwanza ulipoanza kuufunga mto. Hakuna samaki aliye hai aliyewahi kufika huko, wala mzazi wake, wala babu wa babu yake.

Wiki ileile nilisimama kituoni kwangu. Saa moja asubuhi, baridi, mvuke unatoka majini. Maji yalikuwa ya kijani, unaona mawe. Nilikaa kama dakika 40 sioni kitu. Halafu pakavunjika ukimya wa maji, mgongo mweusi mwenye mabaka mekundu ukatokeza, mkia umechakaa, ngozi imechunika kwa mawe. Alikuwa anasimama dhidi ya mkondo, anapumzika nyuma ya jiwe, kisha anasukuma tena hatua mbili. Akaondoka kuelekea juu, na juu hakuna tena ukuta.

Nilimtafuta yule mzee Mkaruk. Hakuwepo.

NinguWaKagera

Nimesoma hii nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo. Je 2025 waliendelea?

RutiNdefu

Waliendelea mkuu. Juni na Julai 2025 vijana wa makabila ya bonde hili walipiga makasia kwa mitumbwi midogo kuanzia vyanzo vya mto mpaka baharini, siku 30. Walifundishwa miaka kadhaa kabla ukuta haujabomolewa, kwa imani tu kwamba utabomolewa. Mwaka huohuo Wayurok walikamilisha kurudishiwa ekari karibu 47,000 kuzunguka kijito cha Blue Creek, ambacho maji yake baridi ndiyo kimbilio la samoni kiangazi, ardhi iliyokuwa ya kampuni za mbao.

Na Oktoba 2025 samoni wakapita mabwawa mawili madogo yaliyobaki huko juu, Keno na Link River, yenye ngazi za samaki. Wakavuka Ziwa la Upper Klamath, wakaingia mito ya Williamson na Sprague. Huko ndiko kwao makabila ya Klamath, wale wa mkataba wa 1864.

Kipanga76

Kwa hiyo sasa wanavua?

RutiNdefu

Bado wanajizuia. Samaki wachache, mto ndio kwanza unapona, maji ya huko juu bado yana mbolea ya mashamba na joto, na ugomvi na wakulima haujaisha wote. Wao wanahesabu kila msimu na kusubiri.

Mwenye kupita I-5 kati ya Oktoba na mwanzo wa Novemba, kituo kipo kusini kidogo ya mpaka wa Oregon, ukiona tu daraja la Klamath. Shuka mpaka ukingoni, asubuhi kabla jua halijapiga maji. Usirushe kitu. Angalia nyuma ya mawe makubwa.